Sarafu za Hila katika Kiinimacho cha Karibu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wale wanaofanya kiinimacho mbele ya watu wachache walio umbali wa mkono: kwenye meza za harusi, kwenye kwanjula (sherehe ya Waganda ya kijana kutambulishwa kwa wakwe), hotelini, au pale stendi ya boda watu wakisubiri mvua ipite. Nimeeleza siri kwa kiasi kinachomsaidia mtu kuchagua kifaa na kukitumia vizuri, basi.

Sarafu ya hila ni ipi hasa?

Ni sarafu iliyopita mikononi mwa fundi ikakerezwa, ikakatwa au ikatiwa kitu ndani, huku kwa mtazamaji ikibaki pesa ya kawaida. Sarafu ambayo fundi hajaigusa, hata ukiichezesha kwa vidole vya ajabu namna gani, si ya hila. Ya kawaida unaweza kuiacha mezani ukaenda kunawa mikono. Ya hila lazima ujue iko wapi kila sekunde, na kabla hujaitoa mfukoni uwe umeshajua itarudi huko kwa njia gani.

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue ipi?

Bado usinunue. Chukua sarafu mbili au tatu za Uganda ulizo nazo ujifunze mambo manne: kuificha katikati ya kiganja, kuilaza kwenye mkunjo wa vidole, kujifanya umeihamishia mkono wa pili, na kuibadili na nyingine bila mtu kuhisi. Kila sarafu ya hila hutegemea angalau moja kati ya hayo. Aliyenunua kifaa kabla ya kuyajua hubaki na kitu kizuri asichoweza kukitoa wala kukirudisha.

T. Nelson Downs, Mmarekani aliyetangazwa kama Mfalme wa Sarafu, alipata jina mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuzichota sarafu hewani moja baada ya nyingine na kuzitumbukiza kwenye kofia. Vidole vyake ndivyo vilivyobeba kazi.

Kipimo changu ni hiki: ukiweza kupokea simu, kumlipa konda na kushuka kwenye taksi huku sarafu ya 500 imelala kiganjani na mkono haujakakamaa, umeshaiva vya kutosha kununua. Mkono unaoficha kitu ukishakuwa mgumu kama wa sanamu, watu huutazama wenyewe bila kuambiwa.

Sasa niko tayari. Ya kwanza iwe ipi?

Ganda. Kama utanunua kifaa kimoja tu maishani, kiwe hicho.

Ganda ni uso mmoja wa sarafu pamoja na ukingo wake, nyuma kumechimbwa kukabaki uwazi. Ganda zuri hupanuliwa kidogo sana ili sarafu ya kawaida ya aina ileile iingie ndani na kutoka yenyewe. Zikiwa zimevikana, mtazamaji anaona sarafu moja. Zikitengana, anaona mbili. Kwa hiyo mwenye ganda moja na sarafu tatu za kawaida anaweza kuonesha nne, kisha zikahama moja moja kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, na daima mikono yake iko hatua moja mbele ya macho ya watu.

Raha ya ganda ni kwamba halifanyi kelele za ajabu, halina kamba wala lastiki ya kukatika, na linakulazimisha utumie vidole. Ukijua kuficha sarafu kiganjani, ganda linaongeza uwezo wako mara dufu. Kama hujui, litakaa kwenye droo.

Kuna pia ganda lisilopanuliwa. Hilo ukubwa wake ni uleule wa sarafu halisi, lakini sarafu inayoingia ndani lazima iwe imekerezwa ukingo ili ipungue. Linapendeza zaidi likiwa peke yake mkononi, ila sasa una vitu viwili vya kuvificha badala ya kimoja. Kwa anayeanza, chukua lililopanuliwa.

Na aina nyingine?

Sarafu ya bawaba imekatwa na kuungwa ili ifunguke kama kitabu, na lastiki nyembamba huirudisha. Inaonekana vizuri sana, ila ni dhaifu na inataka mazoezi mengi ya kuzuia isilie. Ya kukunja imekatwa vipande vinavyoshikwa na lastiki inayozunguka ukingo, hivyo inapita kwenye shingo ya chupa. Hapa kwetu chupa ya soda iko kila meza, na mchezo wa sarafu kuingia ndani ya chupa ambayo mgeni mwenyewe ameishika haujawahi kunichosha. Ya nyuso mbili ina uso uleule pande zote. Ya rangi mbili ni fedha upande mmoja na shaba upande wa pili, kwa michezo ambayo sarafu mbili hubadilishana nafasi. Ya sumaku tutaifikia.

Kijisanduku cha Okito si sarafu ya hila, lakini hutajwa pamoja nazo. Kinaitwa kwa jina la jukwaani la Theodore Bamberg, mtu wa ukoo maarufu wa Kiholanzi wa wanakiinimacho. Ni kopo dogo la duara lenye kifuniko, na siri yake haiko ndani ya sarafu. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo kinafaa sana, mradi sarafu zako zienee ndani.

Kwa nini karibu zote zinatengenezwa kwa nusu dola ya Marekani?

Kwa sababu ya mkono. Nusu dola ina kipenyo cha milimita 30.6 na uzito wa gramu 11.34, na ukingo wake una mikwaruzo 150 inayong'ang'ania ngozi ya kiganja. Ni kubwa kiasi cha kuonekana kutoka upande wa pili wa meza na ndogo kiasi cha kufichika. Peni ya zamani ya Uingereza, ile ya shaba iliyotumika kabla ya mwaka 1971, inakaribia sana ukubwa huo, ndiyo maana utaikuta kwenye seti za fedha na shaba.

Wengi wanaohangaika na swali hili wanaogopa kwamba nusu dola itaonekana kitu cha kutiliwa shaka mbele ya watu wa Kampala au Arua. Hofu hiyo ina msingi. Mtu asiyeijua sarafu hawezi kujua kama ni nzima. Hata Marekani kwenyewe nusu dola huzikuti mara nyingi kwenye chenji ya dukani, na wenzetu wa huko nao hukutana na swali hilohilo.

Dawa yake ni kuipa sarafu sababu ya kuwepo. Ukiitoa kimyakimya kana kwamba ni pesa ya kila siku, umeshajenga shaka. Ukisema, "Shangazi yangu aliniletea hizi kutoka ng'ambo, tazama hii ina mwaka gani," na ukampa mtu ya kawaida aisome, aihisi uzito, aipitishe kwa jirani yake, sasa sarafu ina kwao. Dakika moja ya kuizungusha mikononi mwa watu ina thamani kuliko ufundi wowote utakaofuata. Bila shaka, kama shangazi hayupo usimzue. Sema ulizinunua kwa ajili ya kiinimacho kwa sababu ni kubwa na zinaonekana. Ukweli huo hauharibu chochote.

Je, shilingi za Uganda hazifai kabisa?

Zinafaa sana kwa michezo isiyo na hila, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: mtazamaji anatoa sarafu yake mwenyewe mfukoni. Zinazotumika ni za 50, 100, 200, 500 na 1,000. Ya 100 ina ng'ombe wa pembe ndefu, ya 200 samaki, ya 500 korongo. Upande wa pili wote zina nembo ya taifa, jambo ambalo mwenye akili ya kiinimacho ataliona faida yake mara moja: sarafu ikilala na nembo juu, mtu haulizi sana ni ya ngapi.

Tatizo lake ni ukubwa. Ya 500 ni nene na nzuri kushika, rangi yake ya dhahabu inaonekana hata taa zikiwa hafifu, lakini ni ndogo. Kwa kundi la watu waliosimama karibu inatosha. Kwa meza ya watu kumi haitoshi.

Kwa mtazamo wangu, mpangilio mzuri ni kuanza na 500 ya mtazamaji kwa mchezo mmoja mfupi wa vidole vitupu, kisha kuingia kwenye sarafu kubwa. Mtu aliyeona pesa yake mwenyewe ikipotea na kurudi haanzi tena kufikiria vifaa.

Naweza kumpelekea fundi anikerezee sarafu ya Uganda?

Wako mafundi kule Katwe, Kampala, wenye mashine za kukereza na mikono ya kuweza. Lakini usifanye hivyo kwa pesa inayotumika. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda inahesabu kuwa kosa kupunguza uzito wa sarafu kwa nia ya kuipitisha kama nzima. Wewe huna nia hiyo, ni kweli, ila hutaki kuieleza kituoni ukiwa na ganda la shilingi mfukoni. Kama una sababu nzito, peleka swali kwa maandishi Benki ya Uganda kwanza.

Kuna njia ninayoipenda zaidi: sarafu za zamani za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, bodi iliyoanzishwa mwaka 1919, kabla Uganda haijaanza kutoa shilingi yake katikati ya miaka ya 1960. Shilingi ile ya simba aliyesimama mbele ya milima ni pana kuliko sarafu nyingi tunazotumia leo, na haitumiki tena madukani. Bado utaziona kwa wauza vitu vya kale na kwenye makopo ya vifungo ya kina bibi. Hizo mpelekee fundi. Na ile ya senti kumi yenye tundu katikati usiikereze hata kidogo. Ipitishe kwenye uzi mrefu, mpe mtu ashike ncha mbili za uzi, uitoe. Wazee wanaikumbuka, wataishika, watasimulia, na wewe unafanya kazi huku meza nzima inamsikiliza mzee.

Nikiagiza kutoka nje niangalie nini?

Kwanza mwaka na uso. Ganda lenye mwaka na picha tofauti na sarafu zako tatu litakuumbua siku moja. Agiza seti, au muombe muuzaji akulinganishie.

Pili uchakavu. Ganda linalong'aa kati ya sarafu zilizofifia linajitangaza. Zitie zote kwenye mfuko mmoja wa kitambaa utembee nazo mpaka zifanane.

Tatu sauti. Gonga ganda taratibu kwenye meza, kisha gonga sarafu nzima. Ganda lina mlio mwembamba. Hakuna ganda lisilo na tofauti kabisa, kwa hiyo mezani liweke, usilidondoshe. Sarafu za fedha zilizochakaa hugongana kwa upole kuliko mpya za shaba na nikeli, ndiyo sababu wataalamu hutafuta nusu dola za fedha za kati ya 1916 na 1947 au dola za Morgan, zile dola kubwa za zamani za fedha. Nusu dola za Kennedy, zenye sura ya rais huyo, zilizotoka mwaka 1964 zina asilimia 90 ya fedha, zile za 1965 hadi 1970 asilimia 40, na za 1971 kuendelea ambazo ziliingia kwenye mzunguko hazina fedha kabisa.

Kuhusu kuzifikisha, andika ukweli kwenye fomu ya forodha: vifaa vya maonesho. Wengi hutumia ndugu anayerudi kutoka Nairobi, Dubai au London. Mwambie wazi amebeba nini.

Sumaku zinafanya kazi na sarafu zetu?

Baadhi tu. Za 100 za mwaka 1998 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sumaku haizishiki. Zilizotoka miaka ya baadaye ni chuma kilichopakwa nikeli, nazo hurukia sumaku. Kwa macho zinafanana. Mwaga chenji yako mezani, pitisha sumaku juu yake, utenge mafungu mawili. Hapo umepata, bila gharama yoyote, sarafu mbili zinazoonekana sawa na zenye tabia tofauti. Fikiria mwenyewe unaweza kufanya nini na hilo. Mimi naona ni hila bora zaidi kuliko nyingi zinazouzwa, na fundi hajagusa kitu.

Sumaku kali zinaweza kuharibu mstari wa sumaku kwenye kadi za benki, kwa hiyo usizibebe mfuko mmoja na pochi. Usimsogezee mtu mwenye kifaa cha moyo kifuani. Na mbali na watoto kabisa: mtoto akimeza sumaku mbili hunasana zikibana utumbo, na hiyo ni dharura ya hospitali.

Mtazamaji akisema "Lete niione", nifanyeje?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake linaanza kabla hajasema.

Tuseme uko kwenye kwanjula, chini ya hema, upande wa wakwe. Sarafu nne zimeshahama, na mzee mwenye kanzu ananyoosha mkono: "Kijana, hebu lete." Ukirudisha mkono nyuma hata inchi moja, umekwisha. Ukisema "Subiri kidogo, mzee," pia umekwisha. Anayejua kazi yake alishaliondoa ganda wakati sarafu ya nne ilipotua, pale watu walipocheka na kuinua macho kumtazama bibi harusi au kutazamana wao kwa wao. Mkono wenye ganda ulishuka mfukoni kuchukua leso, ukapangusa paji la uso, kwa sababu chini ya hema kuna joto na kupangusa jasho ni jambo la kawaida. Sasa mezani kuna tatu safi, na ya nne, nzima, imetoka na leso. Mzee anaponyoosha mkono, zote zinasukumwa kwake kwa mikono miwili na goti limeinama kidogo. "Karibu mzee, ni zako."

Kwa hiyo unapochagua kifaa, usiulize kinafanya maajabu gani. Uliza kinatokaje. Kama huoni wakati wa kukitoa ndani ya mchezo, badili mchezo au usikinunue.

Kosa lililo kinyume ni kulazimisha. Ukisema "Shika, kagua, ni sarafu ya kawaida kabisa" kabla mtu hajauliza, umempa wazo ambalo hakuwa nalo. Mwachie mtu aiguse kwa sababu nyingine: asome mwaka, aishike ngumini, aipulizie.

Watu wakiniita mchawi?

Lichukulie kwa uzito. Uganda ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1957, na kabla ya sheria kuna majirani. Sema mapema, kwa sauti ya kawaida, kwamba ni kazi ya mikono uliyojifunza kama mtu anavyojifunza ngoma. Mlokole akikataa kutazama, au shehe akikuuliza unamtumia nani, jibu kwa heshima na usimbishie mbele ya watu.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin kwenda Algeria kuwaonesha wenyeji kwamba uchawi wa Wafaransa unashinda wa viongozi wao wa dini. Alitumia sanduku lenye chuma chini na sumaku ya umeme iliyofichwa, mtu mwenye nguvu akashindwa kuliinua. Ufundi wake nauheshimu. Kazi aliyopewa siipendi hata kidogo, na asiwepo mtu wa kiinimacho hapa kwetu anayewatisha watu ili wamwogope au wampe pesa.

Wakiniomba nizidishe pesa zao?

Kataa papo hapo, hata kama wanatania. Kampala ina matapeli wa kuzidisha pesa, na kuna familia zilizopoteza ada ya shule kwao. Sarafu zako zikiongezeka, ziongezeke zako, na mwisho wa mchezo ya mtazamaji irudi kwake ileile aliyotoa. Usicheze kamari nazo, wala usinunulie kitu sarafu ya hila, hata rolex, ile chapati ya kuviringwa na mayai.

Mwanga na pembe vinasumbua sana?

Nyuma ya ganda ndiyo adui, kwa hiyo chagua kiti chenye ukuta au pazia mgongoni na usikubali watoto wasimame nyuma ya bega lako. Kwenye nyasi au mkeka unawatazama watu wakiwa chini yako, na hapo mkono unaoficha uchungwe zaidi kuliko mezani. Jua la mchana huonesha kila kingo. Taa za jioni husamehe mengi.

Zitunzwe vipi?

Mikono mikavu, kitambaa laini, kila moja kwenye mfuko wake mdogo. Jasho hushambulia chuma kilichopakwa, kwa hiyo pangusa baada ya kila onesho. Lastiki za sarafu za bawaba na za kukunja huzeeka hata zisipotumika, zaidi kwenye joto la ndani ya gari. Beba za akiba na ujue kuzibadili. Ganda likibonyea usiligonge kwa nyundo. Lishatoka kazini.

Walinzi wakinipekua mlangoni?

Kwenye maduka makubwa na hoteli za Kampala utapitishwa kifaa cha kutambua chuma. Weka sarafu zote pamoja kwenye pochi ya chenji, toa pochi nzima kwenye sinia, sumaku usiifiche. Mlinzi akifungua akauliza, mwambie wewe ni mtu wa kiinimacho na umealikwa ndani. Mara nyingi ataomba umuoneshe kitu. Muoneshe kwa sarafu ya kawaida, kifupi, kisha mpishe anayefuata.